Mkebe wa Rafu ya Juu

Jumapili, 1 Juni 2025

Mokeira ameleta kazi nyingine kutoka shule. Ng'ombe! Si wa kuchora – ng'ombe wa karatasi, mwenye tumbo, miguu na pembe. Mwalimu Gladys anaiita pepa mashe. Unachana magazeti, unapaka gundi, unabandika juu ya chupa ya plastiki, unaacha ikauke. Mzazi asaidie. Siku hizi mzazi ndiye yuko Gredi ya Nne. Mimi niliachia darasa la nane, sasa nimerudi bila yunifomu.

Nikakoroga unga wa ngano na maji baridi kwenye karai. Ashley akatumbukiza mkono mpaka kiwiko, akalamba. Nikamchapa kikofi kidogo. Akacheka, akalamba tena. Huyu mtoto wangu wa mwisho dunia yote anaijua kwa ulimi.

Baba yao amepiga simu kutoka Nakuru, kwa mjengo. Nimemwambia tumeanza kufuga. Akauliza, anatoa maziwa? Tukacheka mpaka salio likaisha.

Jumatano, 4 Juni

Ng'ombe ananuka! Shingo imeota ukungu wa kijani, karatasi zinabanduka zenyewe. Mokeira ameketi tu anamwangalia kama mtu aliyeenda kumwona mgonjwa. Afadhali angelia.

Kumbe nilikosea. Unga mbichi na maji baridi, na mvua hii ya huku kwetu Manga isiyokatika. Kesho nashuka Kisii kutafuta gundi ya kweli.

Ijumaa, 6 Juni

Jana, duka la vitabu la Mama Bharti, pale chini ya mlima wa Nyanchwa. Nilishika chupa ya gundi nyeupe, nikaangalia bei, nikairudisha taratibu nisionekane. Akaniona, nikamweleza habari ya ng'ombe.

"Dada, hiyo itaisha kwa mguu mmoja. Pika gundi. Una muhogo nyumbani?"

Nikamwambia muhogo ndio chakula chetu cha uji.

"Basi. Unga wa muhogo, koroga na maji kidogo kwanza, halafu mwagia yanayochemka, usiache mkono. Tia shabu, ukungu haushiki."

"Na panya?"

"Panya nunua paka!" Akacheka, akanifungia shabu kwenye gazeti. Lile gazeti pia nimelitumia.

Leo nimepika. Nimechota kwenye mfuko wa unga wa uji wa Mzee – muhogo mwingi, wimbi kidogo. Ulipochemka ukawa mzito, ukaanza kung'aa. Unanata! Kijiko kilisimama. Ni uji kabisa, macho hayawezi kutofautisha, pua ndiyo hiyo hiyo. Mokeira amebandika mgongo na tumbo. Ashley amezuiwa kwa kupewa kipande chake cha gazeti na maji.

Mzee akasikia kelele za watoto kutoka kwake, akamwuliza Mokeira tunasherehekea nini. Nimefurahi aliuliza. Mzee ni baba mkwe wangu. Tangu mama mkwe atuache mimi ndiye ninayempikia, lakini mguu wangu hauingii nyumbani kwake, na wake hauingii kwangu. Ndiyo chinsoni, heshima tuliyokuta. Hatusalimiani kwa mkono. Jina lake silitaji, hata hapa siliandiki. Neno la kwangu kwenda kwake linapita kwa mtoto, na lake linarudi kwa mtoto. Na uji wake Mokeira hushusha kutoka rafu ya juu, mkebe wenye kifuniko, anampelekea kabla ya shule. Rafu ya juu ni ya Sokoro, babu yao – wamelijua hilo tangu watambae. Kilicho juu hakionjwi, ni cha babu.

Jumapili, 8 Juni

Panya wamekula masikio. Yote mawili! Na pua. Kumbe tumewapikia.

Safari hii Mokeira amelia. Wiki hii ndiyo ya maonyesho, wazazi wataalikwa. Ameniambia wenzake wana ndege, wana gari, mmoja ana dunia nzima na bahari zake.

Roselyne akapita, mke wa shemeji. Akamwangalia yule ng'ombe akashika kiuno. "Huyu ametibiwa wapi? Kwa daktari wa meno?" Halafu akaenda kwake akaniletea pakiti iliyobaki ya dawa ya panya, ile wanayouza Keroka na kipaza sauti. Pakiti ina panya amelala chali. Akasema saga, tia kwenye gundi ya mwisho. Panya akionja pua hii hatarudi tena, hata mkia.

Nikamwambia kuna watoto. Akasema si utafanya mwenyewe wakiwa shule? Akikauka nani atamlamba?

Ashley, nikasema moyoni.

Jumanne, 10 Juni

Nimefanya. Nilingoja watoto waondoke. Nikasaga zile punje nyekundu kwa chupa juu ya gazeti, leso mdomoni. Nikapika gundi mpya, nikachanganya. Wekundu ukapotelea kwenye wimbi, hauonekani. Nikavaa mfuko wa nailoni mkononi nikapaka ng'ombe mzima tabaka la mwisho. Nimemning'iniza kwa waya darini. Nimeosha mikono, nimeosha karai, nimeosha tena.

Gundi imebaki nyingi. Nilienda mpaka shimoni kuimwaga – mkono ukakataa. Muhogo huo nimemenya mwenyewe, nimeanika, nimekimbia nao mvua ikija, nimesaga. Unga haumwagwi hivi hivi. Na masikio bado, yatahitaji kesho. Nikatia kwenye mkebe wa mafuta, nikafunika, nikapandisha rafu ya juu kabisa. Hapo Ashley hafiki hata akipanda kiti juu ya kiti.

Nikajisifu. Mama mwangalifu.

Jumatano, 11 Juni

Nyasae. Mungu wangu.

Nitajaribu kuandika vile ilivyokuwa.

Asubuhi nilitoka mapema kuchuma majani chai. Uji wa Mzee nilikuwa nimeutia kwenye chupa ya chai usipoe, nikaiacha mezani. Mokeira alikuwa anafunga kiatu. Nikamwambia nikiwa mlangoni, mpelekee Sokoro uji wake. Akasema haya.

Mchana nikarudi na Ashley mgongoni. Chupa ya chai iko mezani. Nikaishika – nzito. Nikafungua – imejaa.

Nikaangalia juu. Rafu tupu.

Sijui nilifikaje kwenye ua wa Mzee. Mkebe wa gundi ulikuwa pale kwenye kigingi ambapo huwa anaacha ule wa uji. Umeoshwa. Unang'aa. Na Mokeira yuko shule. Mzee yuko ndani, namsikia akikohoa, na mimi niko nje ya ua, na katikati yetu hakuna mtu isipokuwa Ashley wa chekechea.

Nikamwambia nenda umuulize Sokoro kama amekunywa uji.

Akaenda. Akarudi. "Amesema asante."

"Amekunywa?"

"Amesema asante!"

"Rudi umuulize, amekunywa wote?"

Akarudi na ndizi mkononi. "Amesema ulikuwa mzuri."

Lakini hivyo ndivyo Mzee angesema tu! Hata ningempelekea mchanga. Katika miaka yote hajawahi kunitumia neno kwamba chakula kilikuwa na chumvi nyingi au hakikuiva. Mkwe haambiwi hivyo. Kwa hivyo sijui. Anaweza kuwa amekunywa. Anaweza kuwa ameonja akamwaga nyuma ya nyumba, akaosha mkebe kwa adabu.

Nikamwambia Ashley, mwambie haikuwa uji, ilikuwa gundi ya ng'ombe. Nikamsikia Mzee akicheka ndani. Ashley akarudi: "Amesema hata gundi ya mama inashibisha."

Lile neno lingine lilikuwa hapa kwenye koo. Sumu. Nilimwangalia mtoto, mdomo umejaa ndizi, kidole kiko ndani pia. Sikuweza kulitia mle.

Nikaenda kwa Roselyne. Alikuwa anachambua mboga, kisu kikasimama. Akaangalia nje kama kuna mtu. Halafu: "Nani anajua?"

"Mimi na wewe."

"Iwe hivyo. Mzee ana nguvu kama ng'ombe dume. Sikiza, mke mwenzangu. Ukisema mkwe amempelekea Mzee uji wenye sumu, watu wa hapa hawaulizi swali la pili. Unakumbuka yule mama wa ng'ambo ya mto, waliyemwita mchawi? Aliulizwa moja tu."

Nakumbuka nyumba yake. Imebaki kuta nyeusi.

Alhamisi, 12 Juni

Asubuhi Mokeira ameondoka na ng'ombe kabla sijafungua macho vizuri. Amembeba kama mtoto, shavu lake kwenye ubavu wa ng'ombe. Nikakumbuka tabaka la mwisho. Nikatoka na ndara zisizofanana, mbio mpaka shuleni.

Darasa zima lilikuwa limemzunguka. Mikono, mikono, mikono. Mwalimu Gladys ananiambia huyu ndiye mzuri kuliko wote, Mama Mokeira, umetumia gundi gani? Nikasema hajakauka. Nikamchukua. Nikamwomba mwalimu watoto wanawe mikono kwa sabuni, wote. Akanitazama. Nikasema kuna ukungu. Aliwatoa nje kwenye mfereji, Mungu ambariki, hakuuliza zaidi.

Nimemchoma ng'ombe shimoni. Pembe ndizo za mwisho kuisha. Mokeira alipotoka shule akaona majivu, akaingia ndani, hajaniambia neno hadi sasa.

Mzee leo amekata mkungu wa ndizi, akaubeba mwenyewe begani. Nilimwangalia kupitia ua mpaka akaingia. Hatembei kama mtu aliyekunywa chochote.

Ijumaa, 13 Juni

Nimesoma pakiti. Sikuwa nimeisoma! Nilikuwa nimeangalia picha tu. Maandishi madogo, nimesogea nayo mlangoni kwenye mwanga. Inasema ikimezwa mpeleke mtu hospitali mara moja. Inasema dalili huchelewa siku kadhaa. Damu, inasema. Damu hukosa kuganda.

Kuchelewa. Kwa hivyo ule mkungu begani haukunijibu kitu.

Nimeikunja nikaitia kifuani. Nimemwambia Mokeira amuulize Sokoro kama amelala vizuri. Amelala vizuri. Kama tumbo liko sawa. Liko sawa, na anauliza mama ana nini na tumbo lake.

Jumamosi, 14 Juni

Sabato. Mzee aliimba sauti ya nne nyuma ya kanisa, mimi huku mbele kwa akina mama. Nilikuwa nasikiliza ile sauti moja kati ya zote. Ikishuka nasimamisha pumzi. Ikipanda napumua.

Tulipotoka Mokeira akaniambia – ameongea! – kuku wa Sokoro amekufa, yule mwekundu, nyuma ya nyumba.

Nikamshika mabega. Nyuma ya nyumba wapi? Hapo anapomwagia maji. Ametoka damu? Hakuangalia.

Nimeshangilia. Nisamehewe, siku ya Bwana nimeshangilia kifo cha kuku. Kwa sababu basi alimwaga! Alionja, akaona haifai, akamwaga nyuma kimya kimya asiniaibishe, kuku akala. Nimewapa watoto chai na viazi vitamu nikawaimbia. Ashley akacheza mpaka akaanguka.

Halafu Roselyne akaja na habari zake. Kuku watatu kwake wamekufa tangu jana. Ugonjwa wa kideri umeingia kijijini.

Jumapili, 15 Juni

Mokeira hali. Nimemwekea wali, amesukuma. Nikamwuliza ni kwa sababu ya ng'ombe? Akatikisa kichwa.

"Mama, ile siku mkebe ulikuwa wa gundi?"

Nikasema ndiyo.

"Na gundi ndiyo ulisema watoto wanawe mikono?"

Nikaanza kukusanya vyombo.

"Basi ni mimi nilimpelekea."

Nikamvuta, akakaa mgumu kama kuni. Nikamwambia hapana, hapana mwanangu. Uliambiwa peleka uji, ukachukua mahali uji huwa. Ulifanya vile nilivyokufundisha. Lakini hakuniangalia. Nikaona itakavyokuwa: Mzee akiumia na mimi nikiwa nimenyamaza, huyu mtoto ataibeba peke yake, na akibeba hivi akiwa mdogo hataishusha.

Kesho nitasema. Sijui kwa nani. Nitasema.

Jumatatu, 16 Juni

Naandika kwenye benchi la dispensari. Nilikuja na kitabu hiki kwenye mfuko, sijui kwa nini. Mikono inataka kazi.

Asubuhi Mokeira alirudi mbio kutoka kwa Sokoro. Alimkuta anapiga mswaki kwa kijiti, akatema nyekundu. Akatema tena. Ikawa inakuja. Amesema ni fizi za uzee.

Sikumtuma mtoto. Nikatembea mimi. Ua nikaupita. Nikasimama mlangoni kwake, vidole vya miguu kwenye kizingiti, uso nimeuelekeza pembeni. Mbwa wake, Simba, akainuka akanisalimia, yeye peke yake.

Nikamwita baba, nikasema. "Tata, ule mkebe ulikuwa na dawa ya panya. Niliitia mimi kwa ajili ya ng'ombe wa mtoto. Mtoto hakujua. Twende hospitali."

Nilisikia mkongojo ukitafutwa ukutani. Halafu Mzee akaongea – na mbwa.

"Simba. Mwambie mama wa watoto aite pikipiki mbili."

Mbili, kwa sababu hatuwezi kupakiwa moja. Hata leo alikumbuka. Nilimwachia Roselyne watoto. Nilimwambia nimesema. Alishika kichwa na mikono miwili, lakini akampokea Ashley.

Njiani pikipiki yake ilikuwa mbele. Leso yake mdomoni ilianza nyeupe.

Daktari wa hapa anaitwa Nyakundi, kijana. Nimempa pakiti. Akaisoma upande wa maandishi madogo, uso ukabadilika. Akauliza mbele ya benchi zima, wagonjwa wote wametega masikio: "Nani alipika?"

"Mimi."

Mama aliyekuwa karibu nami akamvuta mtoto wake akahamia benchi lingine.

"Mzee, uliinywa kiasi gani? Sema kweli, itanisaidia."

Nikafumba macho. Sema ulimwaga. Sema ni kuku.

"Niliimaliza," Mzee akasema. "Ilikuwa chungu, tena ilikuwa inavuta meno. Lakini mke wa mwanangu akinipikia mimi huwa namaliza."

Nimeiandika vile alivyoisema. Sitaki kuisahau, na sijui kama nitaweza kuibeba.

Nyakundi anasema iko sindano ya kugandisha damu, lakini hapa imeisha. Iko Kisii. Amepiga simu, gari linakuja. Anasema kama limewahi, limewahi. Hakusema kama limechelewa. Amemfunga Mzee pamba mdomoni upande, amemketisha mwisho wa benchi karibu na ukuta. Mimi niko mwisho huu. Katikati pangekaa watu wanne, hakuna aliyekaa.

Baba Mokeira hashiki simu. Nimejaribu, nimejaribu.

Roselyne ametuma ujumbe. Shemeji ameambiwa – na nani, sijui. Ametoka nyumbani na wanaume kadhaa, kwa pikipiki. Roselyne hajaandika kama wanakuja kumbeba Mzee au kuniuliza mimi lile swali moja.

Nimeangalia mlango wa nyuma. Uko wazi, unatokea kwenye migomba. Ningeweza kufika kwa mama yangu Keroka. Lakini watoto wako nyumbani. Na nikiondoka ni kama nimesema ndiyo.

Sauti za pikipiki zinasikika chini ya mlima. Labda ni hao. Labda ni gari. Gari halilii hivyo.

Mzee amezisikia pia. Ametoa pamba mdomoni, ameangalia huku na huku – hakuna mtoto, hakuna Simba. Ameangalia sakafu. Halafu ameinua macho, ameniangalia mimi, usoni. Tangu niolewe hajawahi.

"Mama Mokeira," amesema. "Umekula leo?"

Mimi! Nikatikisa kichwa.

Amepiga benchi kwa kiganja, hapo karibu naye, mara mbili, kama mtu anayefukuza vumbi.

"Njoo ukae hapa. Wakija wakukute hapa."

Watu wote wanatuangalia. Miguu imekataa, halafu imekubali. Naandika nimesimama. Pikipiki zimefika kwenye kona ya kanisa, nazisikia zikibadilisha gia, na mkono wake bado uko juu ya ubao, unanishikia nafasi –